Duduk: Filimbi ya Waarmenia, na Namna ya Kujifunza Kuipiga



Leo somo letu linatoka mbali kidogo. Tunakwenda Armenia, inchi ndogo ya milima, kusoma juu ya duduk, filimbi ya mti ambayo watu wa kule wanaipiga kwenye ndoa na kwenye matanga. Tunajua wengine watauliza: "Sasa mambo ya Armenia inatuhusu nini siye?" Ulizo hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba ndani ya chombo hiki kuko mambo matatu ambayo mwanafunzi wa hapa anaweza kuyatumia hata kama hatashika duduk mkononi maisha yake yote. La kwanza ni fizika ya sauti. La pili ni namna ya kutumia pumzi. La tatu ni kazi ya mtu anayeshika sauti ya chini. Tutayafwata moja moja.

I. INCHI NA CHOMBO CHENYEWE

Armenia iko kusini ya milima ya Kaukazi, na majirani zake ni Georgia, Azerbaijan, Iran na Uturuki. Mji mkuu ni Yerevan. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba safina ya Nuhu ilitua juu ya milima ya Ararati (Mwanzo 8:4). Mlima unaoitwa Ararat unaonekana vizuri kutoka Yerevan, ijapokuwa leo uko ndani ya mpaka wa Uturuki. Waarmenia walipokea Ukristo kuwa dini ya ufalme wao zamani sana. Wao wenyewe wanahesabu kuwa ni mwaka 301. Karibu mwaka 405 Mesrop Mashtots aliwatengenezea alfabeti yao, na Biblia ilikuwa kati ya vitabu vya kwanza kuandikwa kwa alfabeti hiyo.

Katika lugha yao duduk inaitwa vilevile tsiranapogh, maana yake filimbi ya mti wa abriko. Abriko ni tunda dogo la rangi ya machungwa, lenye kokwa moja ndani. Mti wake unamea sana kule, hata wataalamu wa mimea waliuita Prunus armeniaca kwa kilatini, yaani wa Armenia. Fundi anakata mti, anauacha ukauke kwa muda mrefu, kisha anautoboa katikati tundu moja lililonyoka, upana ule ule toka juu mpaka chini. Mbele anatoboa matundu 8 ya vidole, na nyuma tundu la kidole gumba. Duduk ziko za namna nne kwa urefu, toka santimetri 28 mpaka 40.

Kichwani kunaingia ulimi wa tete, unaoitwa ghamish. Tete hilo linamea kandokando ya mto Arax. Fundi anachukua kipande cha tete, upande mmoja anauacha mviringo ili uingie ndani ya mti, upande wa pili anaubana mpaka unakuwa bapa, sawa midomo miwili iliyokaribiana. Ghamish iko na urefu wa santimetri 9 mpaka 14, kwa hiyo ni kubwa kuliko ulimi wa vyombo vingine vya jamaa hii. Wale waliofika pwani ya Afrika ya Mashariki wamesikia zumari. Nayo inapigwa kwa ulimi wa midomo miwili, lakini ulimi wake ni mdogo na sauti yake ni kali. Ya duduk ni nzito na laini, karibu na sauti ya mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

II. FIZIKA: SABABU GANI CHOMBO KIDOGO KINA SAUTI NZITO

Hapa wanafunzi wa sayansi wafungue masikio. Duduk ya santimetri 35 ni fupi kuliko mkono wa mtu. Namna gani inatoa sauti ya chini hivyo?

Bomba lililo wazi pande zote mbili, kama filimbi ya kawaida, linatoa sauti ya chini kabisa kwa kanuni hii: f = v/2L. Herufi v ni mwendo wa sauti ndani ya hewa, karibu metri 340 kwa sekunde, na L ni urefu wa bomba. Lakini bomba lililofungwa upande mmoja linafuata kanuni nyingine: f = v/4L. Duduk iko wazi chini. Juu, ule ulimi mwembamba unafanya sawa kifuniko. Njo maana tunaihesabu kama bomba lililofungwa.

Tufanye hesabu. Mti una santimetri 35, na ghamish inaongeza karibu santimetri 10 zinazotoka nje. Jumla ni metri 0,45.

Kama ingekuwa wazi pande mbili: 340 / (2 x 0,45) = karibu 378 Hertz.
Kwa kuwa imefungwa upande mmoja: 340 / (4 x 0,45) = karibu 189 Hertz.

Nusu kamili, maana yake oktavu moja chini. Na kweli, duduk ya urefu huo, matundu yote yakifungwa, inatoa noti iliyo karibu na hesabu hiyo.

Jaribu mwenyewe. Chukua kipande cha mwanzi kilicho wazi pande mbili, puliza juu ya ukingo wake na sikiliza. Kisha ziba upande wa chini kwa kiganja na puliza tena. Sauti itashuka karibu oktavu moja. Jaribio hili halina haja ya laboratwari.

Jaribio la pili ni la ulimi. Chukua mrija wa plastiki wa kunywea soda. Bana kichwa chake kwa meno mpaka kiwe bapa, kisha kata pembe mbili kwa mkasi ili kichwa kiwe na ncha. Weka ncha ndani ya midomo, bana kidogo tu, na puliza kwa nguvu. Ile ncha mbili zitatetemeka na mrija utalia. Hii ni ghamish ya maskini. Ukikata mrija kwa chini ukiwa unapuliza, utasikia sauti inapanda kila mara unapokata. Sababu yake mnaiona ndani ya kanuni: L ikipungua, f inaongezeka.

III. KUJIFUNZA: KWANZA ULIMI, KISHA VIDOLE

Mwanafunzi wa duduk hapuuzi ghamish. Tete likiwa kavu, midomo yake inafungana na sauti haitoki. Kwa hiyo mbele ya kupiga anatia matone machache ya maji ndani, anayatikisa, anayamwaga, kisha anangojea dakika kumi au zaidi mpaka midomo ya tete ifunguke yenyewe. Ikifunguka sana, sauti inakuwa nzito na pumzi inapotea. Ikifunguka kidogo mno, inanyamaza. Katikati ya ghamish kuko pete ndogo. Ukiisukuma kuelekea ncha, mdomo unajifunga. Ukiirudisha chini, unafunguka. Akimaliza, anavalisha kifuniko ili tete lisipanuke na lisivunjike.

Midomo ya mpigaji nayo ina sheria. Anayetoka kwenye klarineti anapenda kutia ulimi ndani sana. Kwenye duduk inaingia ncha tu, milimetri chache, na meno hayagusi tete. Mashavu yanavimba kidogo. Kwa wapiga tarumbeta wengi hilo ni kosa. Hapa njo desturi, kwa sababu mashavu ni ghala ya hewa, kama tutakavyoona.

Vidole: mkono mmoja juu, mwingine chini, kidole gumba nyuma. Hakuna vifungo vya chuma kama vya klarineti. Gama ya kawaida inapatikana kwa kufungua tundu moja moja toka chini. Lakini nusu-noti, zile diezi na bemoli, zinapatikana kwa kuziba nusu ya tundu na kwa kukaza au kulegeza midomo. Maana yake hakuna noti inayokuja sawasawa yenyewe. Sikio ndilo linalosahihisha kidole. Mtu asiyeimba vizuri solfeji hatapiga duduk vizuri, hata akiwa na vidole vyepesi.

Tena duduk haiwezi kupanda juu sana. Inazidi oktavu moja kidogo, basi. Kwenye piano kuko oktavu saba na zaidi. Mpigaji wa duduk anafanya kazi yake yote mu nyumba hiyo ndogo, na anaona mahali pa furaha na pa huzuni.

IV. PUMZI ISIYOKATIKA

Sasa tunafika kwenye jambo linaloshangaza wengi. Mpigaji wa sauti ya chini anaweza kushika noti moja dakika nyingi bila kuikata hata kidogo. Watu wanafikiri ana mapafu makubwa kuliko wengine. Sivyo. Anavuta hewa kwa pua wakati mashavu yanasukuma hewa nje kwa mdomo. Ni mambo ya mazoezi, na yanaanza bila chombo chochote:

1. Vimbisha mashavu kwa hewa, funga midomo, na endelea kupumua kwa pua kama kawaida. Mashavu yabaki yamevimba. Utaona kwamba mdomo na pua vinaweza kufanya kazi mbalimbali.

2. Jaza mdomo maji kidogo. Yatoe kwa msukumo mwembamba kwa nguvu ya mashavu peke yake, na wakati ule ule vuta hewa kwa pua. Fanya nje ya nyumba, si darasani.

3. Chukua kikombe cha maji na mrija. Puliza mapovu polepole. Hewa ikikaribia kuisha, jaza mashavu. Bana mashavu ili mapovu yaendelee. Vuta pua haraka. Kisha rudi kupuliza toka kifuani. Mapovu yakikatika, anza tena.

4. Mapovu yakiwa hayakatiki tena kwa dakika moja, hapo mtu anaweza kujaribu kwenye chombo, kwa noti moja iliyo nyepesi.

Asiwepo wa kujikaza mpaka kichwa kizunguke. Ukisikia kizunguzungu, acha, kaa chini, pumua kawaida. Dakika tano kila siku ni bora kuliko saa moja siku ya Posho peke yake. Waimbaji wa korali, zoezi la kwanza na la tatu ni lenu vilevile, kwa sababu linafundisha kutoa hewa kwa kipimo. Mara nyingi mwisho wa ubeti sauti inaanguka kwa sababu hewa yote ilitumika mu neno la kwanza.

V. MTU WA SAUTI YA CHINI

Duduk haipigwi sana na mtu mmoja. Kwa kawaida wako wawili. Mmoja anapiga melodi, anaipamba na kuizungusha. Wa pili anashika noti moja, ndefu, isiyokatika, ambayo kila noti ya mwenzake inaegemea juu yake. Noti hiyo inaitwa dam, na anayeishika anaitwa damkash.

Kwa desturi mwanafunzi anaanza na dam. Anakaa kando ya mwalimu na kushika noti yake, pengine siku nyingi, pengine zaidi. Tunasikia mtu anasema: "Miye sitaki kushika noti moya kila siku, nilikuja kupiga nyimbo." Tuangalie basi kile anachojifunza akiwa pale.

Kwanza anajifunza pumzi, kwa sababu dam ikikatika melodi inabaki hewani. Pili anajifunza sikio. Tutoe mfano kwa hesabu: sauti mbili za Hertz 189 na 192 zikipigwa pamoja, sikio linasikia mtikisiko 3 kila sekunde, ua-ua-ua. Zikisogeleana mpaka tofauti ni Hertz 1, mtikisiko ni mmoja kwa sekunde. Zikiwa sawa kabisa, mtikisiko unakwisha, na sauti mbili zinakuwa kama moja. Mwanafunzi wa dam anakaa ndani ya mtikisiko huo kila siku, anakaza mdomo, analegeza, mpaka unyamaze. Siku atakapopiga melodi, sikio lake litajua noti iko wapi mbele ya kidole. Tatu anajifunza nyimbo zenyewe. Anazisikia mara mia toka karibu, na mkono wake bado umetulia, kwa hiyo akili yote iko kwenye kusikiliza.

Wasikilizaji wengi hawamwangalii damkash. Macho yote yako kwa mwenzake. Lakini mwambie anyamaze, na utaona melodi imekuwa sawa mtu anayetembea juu ya daraja lililoondolewa mbao.

Tunasema hivi kwa sababu hapa shuleni kila mwaka ni taabu kupata watu wa besi mu korali. Wengi wanataka kuwa soprano au solo. Wako wanaoacha mazoezi kwa sababu sehemu yao "haisikiki". Ndugu, inasikika. Wanaoisikia zaidi ni wale wanaoimba juu yake.

VI. WALIOTUNZA NYIMBO

Chombo peke yake ni kuni. Tuseme kidogo juu ya watu wawili.

Komitas alizaliwa mwaka 1869, akawa yatima akiwa mtoto. Mwaka 1881 alichukuliwa kwenda kusoma Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa la Waarmenia, kwa sababu ya sauti yake. Kule alikotoka watu walikuwa wakisema kituruki. Alijua kuimba wimbo wa kanisa kwa kiarmenia pasipo kujua kuzungumza lugha hiyo. Alipokuwa mtu mzima na mtumishi wa kanisa, alitembea vijijini, akasikiliza wakulima na wamama, na akaandika maelfu ya nyimbo zao kwa noti. Mwaka 1915 serikali ya dola ya Waosmani ilianza kuwaua na kuwafukuza Waarmenia. Mamia ya maelfu walikufa, na vijiji vingi vikabaki vitupu. Komitas mwenyewe alikamatwa mwezi wa nne mwaka ule. Aliokoka, lakini akili yake iliumia, na alikufa Paris mwaka 1935. Vijiji vingine havikurudi tena. Nyimbo zao ziko, kwa sababu mtu alizisikiliza na kuziandika mbele ya moto kufika. Wapigaji wa duduk wanazipiga mpaka leo.

Wa pili ni Djivan Gasparyan, aliyezaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Solak. Alianza kupiga duduk akiwa mtoto mdogo, kwa kuwasikiliza wakubwa. Akawa mwalimu katika shule kubwa ya muziki ya Yerevan. Mwaka 1983 alirekodi sahani ya nyimbo za inchi yake, na mwaka 1989 sahani hiyo ikatoka Uingereza, watu wengi wa Ulaya wakasikia duduk mara ya kwanza. Mwaka 2000 sauti yake ilisikika katika filamu Gladiator. Alifariki mwezi wa saba mwaka 2021, akiwa na miaka 92. Mwenye simu anaweza kutafuta sauti yake na kuisikiliza. Tunashauri asikilize mara ya pili akifuata dam peke yake.

Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza duduk na muziki wake kuwa urithi wa binadamu wote, na mwaka 2008 ikaiandika katika orodha yake. Hata hivyo katika vijiji, pale ilipozaliwa, wapigaji walikuwa wamepungua. Heshima ya dunia haimfundishi mtoto kupiga. Inahitaji mkubwa anayekaa na mdogo.

VII. MWISHO, NA KAZI YA LIKIZO

Kati yetu wako wengi ambao familia zao zilihama vijiji kwa sababu ya vita. Babu na nyanya walikuja na mikeka, sufuria, na nyimbo. Mikeka imechakaa. Nyimbo bado ziko mu vichwa vyao, nyingine hazijaandikwa hata mara moja. Sisi wa darasa la sita tunatoka mwaka huu, na tumejifunza solfeji hapa. Mwanafunzi anayejua do-re-mi anaweza kufanya kazi ndogo ya namna ile ya Komitas: kukaa chini karibu na mzee, kumwomba aimbe polepole, kuandika noti na maneno, na kuandika jina la mwimbaji na la kijiji.

Tunaomba kila mwanafunzi wa darasa la nne, la tano na la sita alete wimbo mmoja baada ya likizo. Tutauliza walimu watusaidie kusahihisha noti, na zitakazokuwa tayari zitapigwa stensili pamoja na gazeti hili.

Maulizo ya kujipima:

1. Duduk ya metri 0,40 pamoja na ulimi wake inatoa Hertz ngapi kwa sauti ya chini kabisa? (Tumia v = 340.)
2. Eleza kazi mbili za mashavu ya mpigaji.
3. Sauti mbili za Hertz 220 na 224 zinaleta mtikisiko mara ngapi kwa sekunde?
4. Kwa nini mwanafunzi anaanza na dam mbele ya melodi?
5. Katika korali yako, ni nani damkash? Umemshukuru?

Majibu ya hesabu: la kwanza ni karibu 212, la tatu ni 4. La tano, kila mtu alitafute jioni ya mazoezi.



Kwa niaba ya wanafunzi wa darasa la sita